Umisheni wa kuzunguka nchi nyingi au wa kukaa mahali pamoja: upi utakukuza?

Mwezi uliopita, baada ya ibada, dada mmoja alinisimamisha mlangoni akiwa na barua mbili. Zote zilikuwa za kumkubali kwa huduma nje ya nchi. Ya kwanza ilimwita kwenye timu ya vijana itakayozunguka nchi kadhaa kwa miezi 11. Ya pili ilimwita akakae miezi 18 mahali pamoja, kwenye kanisa dogo lililoomba mtu wa kusaidia shule ya Jumapili na kuwafundisha vijana kompyuta, na lililotaka miezi 6 ya mwanzo iwe ya kujifunza lugha tu. Akaniuliza, “Kaka, ipi itanikuza zaidi kiroho?”

Nilimjibu kwa haraka kwa sababu watu walikuwa wanapita, na jibu lile halikumsaidia. Nimezipitia njia zote mbili. Nikiwa na miaka 23 nilizunguka nchi 6 kwa miezi 9 pamoja na wenzangu 7. Miaka kadhaa baadaye nilitoka tena, safari hii nikakaa miaka 2 katika mji mmoja, chini ya mchungaji mmoja, nikiwa mgeni pekee katika ushirika ule. Kila safari ilinifanyia kazi yake, na kazi hizo hazifanani. Hili ndilo jibu ambalo ningempa kama tungekuwa na muda wa kuketi.

Njia zenyewe

Kuzunguka kuna sura nyingi. Mpango unaotajwa sana na vijana ni World Race, ulioanza mwaka 2006, na muundo wake unaojulikana ni nchi 11 kwa miezi 11. Kuna pia meli za shirika la umisheni la Operation Mobilisation: Logos ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikafuata Doulos, na tangu 2009 Logos Hope inapita bandari baada ya bandari ikiwa na mamia ya watu wa kujitolea kutoka makumi ya mataifa. Melini hali ni ya pekee kidogo, maana bandari zinabadilika lakini kitanda ni kilekile na wenzako ni walewale.

Kukaa hakuna jina la kuvutia. Unakwenda mahali pamoja, unajiunga na kanisa la wenyeji, unajifunza lugha yao, unapewa kazi, na unaifanya mpaka muda uishe.

Katikati kuna shule za uanafunzi. YWAM (Youth With A Mission), shirika la umisheni ambalo Loren Cunningham alilianzisha mwaka 1960, ina shule yake ya DTS (Discipleship Training School) inayochukua kama miezi 5 hadi 6: karibu wiki 12 za darasani, halafu wiki 8 hadi 12 za kwenda kuhudumu. Nitairudia mbele.

Wako wanaosema njia moja ndiyo ya Biblia na nyingine ni utalii. Usiwasikilize. Paulo alifanya zote. Thesalonike, Luka anataja sabato 3 tu alizohojiana nao katika sinagogi, na haukupita muda mrefu ghasia zikamwondoa usiku. Korintho alikaa mwaka mmoja na miezi 6. Efeso, kwa maneno yake mwenyewe kwa wazee wa kanisa, alikaa miaka 3 akiwaonya kwa machozi. Bwana Yesu naye aliwatuma wale sabini wawili wawili waende mji kwa mji, lakini akawaagiza wakishaingia mji wasihame-hame nyumba kwa nyumba. Mzunguko umo, na kutulia kumo.

Siku ya tatu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tofauti kubwa ya safari hizi mbili imo katika maneno hayo.

Katika kuzunguka nilikuwa mgeni wa siku mbili kwa miezi 9 mfululizo. Kila kanisa lilitupokea kwa nyimbo, likatupa viti vya mbele, likatusamehe makosa yetu kwa kuwa tulikuwa tunaondoka. Tulipoanza kuchokwa, tulikuwa tumeshafunga mizigo. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba mimi ni mtu mpole na mwenye subira. Hakuna aliyekaa nami muda wa kutosha kuniambia vingine, isipokuwa wenzangu wa timu, na nitawafikia.

Wataalamu wameliandika jambo hili kwa lugha yao. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, katika hotuba ya mwaka 1954 iliyochapishwa 1960, alieleza mshtuko wa utamaduni kwa hatua: kwanza ni kama fungate, kila kitu kinapendeza, kisha mgeni anaanza kukasirika na kuwalaumu wenyeji, kisha anapata nafuu, mwisho anazoea. Mwaka 1955 mwanasosholojia Sverre Lysgaard alichapisha uchunguzi wake juu ya Wanorwe waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo. Aliona kwamba waliokaa kati ya miezi 6 na 18 walikuwa na hali mbaya zaidi ya kuzoea kuliko waliokaa chini ya miezi 6, na pia kuliko waliozidi miezi 18. Ukiichora hali hiyo inafanana na herufi U. Si sheria ya kila mtu, na watafiti waliofuata wamekuta wengi wasioufuata mchoro huo. Lakini mimi niliufuata karibu mwezi kwa mwezi.

Angalia maana yake kwa mtu anayechagua. Anayebadilisha nchi kila mwezi anaanza fungate upya kila mwezi. Bonde la ile U halifikii, au analifikia kwa sababu ya uchovu wa mwili na kukosa usingizi, si kwa sababu ya watu. Anayekaa mahali pamoja mwaka mmoja tu ana hatari nyingine, ambayo watu hawaisemi: anaweza kupanda ndege ya kurudi akiwa chini kabisa ya bonde, akaondoka na uchungu, akadhani uchungu huo ndio ukweli kuhusu watu wale. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukichagua kukaa, usikae miezi 12. Fanya miezi 4, ukijua unakwenda kama mgeni na kuondoka kama mgeni, au fanya miaka 2. Yule dada alipewa 18, pale pale kwenye ukingo. Ningemwambia aulize mapema kama anaweza kuongeza.

Mwezi wangu wa saba katika ile safari ya miaka 2 ulikuwa mbaya. Nilikasirishwa na urefu wa vikao, na mlio wa vipaza sauti, na jinsi mzee mmoja wa kanisa alivyokuwa akinijibu mbele za watu. Nilianza kuandika makosa ya kanisa lile kwenye daftari langu la maombi. Yalifika kurasa nne. Niliyaita “mzigo wa maombi.” Kisha nikaacha kwenda kwenye maombi ya alfajiri, nikakaa chumbani siku mbili nikisema naumwa kichwa. Siku ya tatu mama mwenyeji wangu alibisha hodi, akaketi kwenye kiti kilichokuwa mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa: “Mwanangu, tangu ulipofika tunaomba Mungu atupe uvumilivu. Sisi na wewe.”

Miezi yote ile nilidhani mimi ndiye ninayewavumilia wao. Hilo ndilo jembe, na katika safari ya kwanza nisingelipata, kwa sababu kufikia siku kama ile nilikuwa nimeshavuka mpaka.

Lugha

Hapa sina usawa wa kutoa. Kukaa kunashinda, na kunashinda kwa mbali.

Katika kuzunguka unahudumu kwa mkalimani. Mkalimani mzuri ni zawadi, lakini anakuficha. Nilihubiri mara nyingi katika safari ile, watu wakalia, nikajiona nina upako. Baadaye sana niligundua kwamba wakalimani wengine walikuwa wanahubiri mahubiri yao wenyewe, mazuri kuliko yangu, mimi nikiwa nimesimama pembeni kama sababu ya mkutano. Simlaumu hata mmoja wao.

Kujifunza lugha kunakurudisha utotoni. Mtu mzima mwenye elimu yake anasahihishwa na mtoto wa miaka 5, na mtoto anacheka, na mama yake anacheka, na wewe unarudia neno mpaka likae. Hakuna mafunzo ya unyenyekevu niliyoyapata darasani yanayokaribia hayo. Lakini faida kubwa ilikuwa katika maombi. Katika lugha yangu nina maneno ya maombi yanayojipanga yenyewe. Ninaweza kuomba dakika kumi bila kuwapo. Katika lugha ile mpya nilikuwa na maneno kama mia mbili: asante, samehe, nisaidie, njaa, mgonjwa, mama, kesho. Niliombwa niombee mgonjwa na sikuwa na pa kujificha. Nikaomba kwa hayo niliyokuwa nayo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilijua maana ya kila neno lililotoka kinywani mwangu.

Ikiwa unakwenda kuzunguka, basi angalau jifunze salamu, shukrani na kuomba msamaha katika kila lugha kabla hujafika. Watu wanaliona hilo.

Neno na maombi ya binafsi

Hapa mizani inarudi upande wa timu, nami nasema hivyo kwa uzoefu wa aibu.

Katika timu, ibada ya asubuhi iko kwenye ratiba. Kuna mtu wa kukuamsha, mtu wa kukuuliza umesoma nini, siku ya kufunga mnaifunga wote. Kwa kijana ambaye bado hajajenga tabia ya kukaa na Mungu peke yake, miezi 9 ya namna hiyo ni msingi halisi. Nilisoma Biblia nzima katika safari ile. Katika ile ya miaka 2, ambako hakuna aliyeniuliza, nilipitisha wiki nzima nikisoma tu yale niliyotakiwa kuyafundisha. Mtu anayekwenda kukaa peke yake akidhani ugenini utamfanya mwombaji atashangaa. Ugenini unakuonyesha ulivyo.

Ila usiitegemee ratiba kupita kiasi. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alikuwa mtu wa ratiba kuliko wengi wetu. Alivuka bahari kwenda Georgia, koloni la Waingereza huko Amerika, akiwa kasisi, akafika Februari 1736, akaondoka Desemba 1737. Njiani, meli ilipopigwa na dhoruba, aliona kundi la Wamoravia, Wakristo kutoka Ujerumani, wakiendelea kuimba zaburi yao wakati yeye anaogopa kufa. Huduma yake kule iliishia katika ugomvi na mashtaka. Akiwa njiani kurudi aliandika kwamba alikwenda Amerika kuwaongoa wenyeji wa asili wa kule, lakini ni nani atakayemwongoa yeye? Tarehe 24 Mei 1738, katika mkutano mdogo wa Aldersgate, London, ndipo moyo wake ulipata lile joto aliloliandika katika shajara yake.

Kwa hesabu za ripoti, safari ile ilishindwa. Mimi naiona kama safari ya umisheni iliyozaa sana, na kilichoanza kumgusa hakikuwa nidhamu yake bali watu aliosafiri nao ambao walikuwa na amani asiyokuwa nayo. Ndiyo maana swali la nchi ipi linanishughulisha kidogo kuliko swali la nani utakuwa naye kwenye dhoruba.

Wenzako

Wanaozidharau safari za kuzunguka hawajawahi kulala watu wanane chumba kimoja kwa miezi 9. Wenyeji wanabadilika, wenzako hawabadiliki. Anayekoroma ni yuleyule. Anayechelewa ni yuleyule. Aliyekukosea nchi ya pili, nchi ya tatu mnabeba pamoja sanduku la vyombo vya muziki. Timu yetu ilikuwa na sheria ya kutolala na jambo moyoni, na ilituchosha, na ilituponya. Kama nina uwezo wowote leo wa kumwambia mtu usoni “ulinikosea,” bila hasira na bila kuzunguka, niliupata pale.

Migogoro ya timu si dalili kwamba Mungu hayumo. Yohana Marko alimwacha Paulo na Barnaba huko Pamfilia akarudi zake. Safari iliyofuata ikawafanya Paulo na Barnaba washindane hata wakatengana, kila mmoja akashika njia yake. Miaka mingi baadaye Paulo anamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Sehemu ya kukua kwa watu wote watatu ilipita katika ugomvi ule.

Anayekwenda kukaa peke yake hukosa kioo hicho kwa miezi ya kwanza. Wenyeji wanamheshimu mno, hawamsemi. Na heshima ikizidi inamharibu. Kwa hiyo, kama unakaa, nenda wawili ikiwezekana, kama wale sabini. Ikishindikana, uwe na mtu mmoja wa kanisa lililokutuma wa kuongea naye kila wiki, mtu ambaye huwezi kumdanganya.

Matunda, na watoto

Sitakaa sana kwenye matunda, kwa sababu swali la dada yule lilikuwa la kukua kwake. Ila mawili haya yanagusana. Safari ya kuzunguka inakupa ushuhuda kila mwezi: waliookoka, visima, picha. Kukaa kunakupa miezi isiyo na cha kuandika. Mmisionari William Carey alifika India 1793, na mwongofu wake wa kwanza Mhindi, Krishna Pal, alibatizwa Desemba 1800. Mmisionari mwingine, Adoniram Judson, alifika Burma (sasa Myanmar) 1813, akambatiza wa kwanza 1819. Apolo Kivebulaya, Mganda, alivuka kwenda Boga katika Kongo mwaka 1896; alipigwa, akafungwa, akaondolewa, akarudi, na mwaka 1933 akafia hukohuko. Mtu anayehitaji matokeo ya kila mwezi ili asikate tamaa asijidanganye kwamba ataweza maisha ya namna hiyo mara moja. Hilo si kosa lake, ila alijue kabla hajatia sahihi.

Jambo la watoto ni zito kwangu. Timu nyingi za kuzunguka hupelekwa kwenye vituo vya watoto yatima. Nasi tulipelekwa. Tulicheza nao wiki tatu, wakatuzoea, wakatulilia tulipoondoka, nasi tukaandika kwamba kile kilio kilikuwa upendo. Kilikuwa kilio cha mtoto anayeachwa tena. Timu nyingine iliingia baada yetu, na nyingine baada ya hiyo. Ikiwa ratiba uliyopewa ina vituo vya watoto kila mwezi, omba kazi nyingine: kusaidia walezi wao, kufua, kujenga, kufundisha walimu. Wakikataa, nisingekwenda na shirika hilo. Kukua kwangu kusigharimiwe na moyo wa mtoto.

Michango na viza

Kwa ufupi. Kuzunguka kunakula nauli na viza nyingi, na washirika wanaokuombea na kukuchangia huchangamka kwa sababu habari hazikomi. Kukaa hugharimu kidogo kwa mwezi, lakini michango hupungua mwaka wa pili, wakati ambapo kazi ndiyo inaanza kushika. Wapange mapema watu wachache wa kudumu. Uliza kwa maandishi ni ruhusa gani ya kukaa utakayoombewa. Nchi nyingi haziruhusu kazi, hata ya kujitolea, kwa viza ya utalii, na shirika linalokufundisha jinsi ya kumjibu ofisa wa uhamiaji limeanza kukufundisha kusema uongo kabla hujahubiri neno lolote.

Kurudi

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Safari hizi zinaachana tena hapa, na nilishangazwa na namna zilivyoachana.

Mwaka 1963 watafiti John na Jeanne Gullahorn waliurefusha mchoro wa Lysgaard kuwa W: anayerudi nyumbani huanguka mara ya pili. Nilipotoka kwenye mzunguko nilianguka kwa kelele. Nilikuwa na hadithi za kila nchi, nikahukumu kanisa langu kwa ubaridi wake, nikawaambia watu kwamba hawajui maombi ni nini. Ilichukua karibu mwaka mmoja kugundua kwamba niliyoyapenda sana katika safari ile yalikuwa ni timu na ratiba, si lazima Mungu. Moto ulikuwa wa kuni nyingi kwa pamoja. Nilipotolewa ukuni mmoja nikaanza kufifia.

Nilipotoka kwenye ile miaka 2 nilianguka kimya kimya. Sikuwa na hadithi. Nilikuwa na watu ninaowakumbuka, kuna neno la lugha ile ninaloliota usiku, na kuna mzee yule wa vikao virefu ambaye tulilia tulipoagana. Watu waliniuliza “Ilikuwaje?” nikajibu “Nzuri,” wakaendelea na mambo yao. Lakini nilikuwa nimebadilika katika vitu ambavyo mke wangu wa sasa aliviona kabla yangu: nasubiri mtu amalize kusema, siogopi kuonekana sijui.

Njia zote mbili zinahitaji mahali pa kutua. Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia walilikusanya kanisa, wakaeleza yote, kisha wakakaa na wanafunzi muda mrefu. Wale sabini waliporudi wakishangilia kwamba pepo wanawatii, Bwana aliigeuza furaha yao kuelekea majina yao yaliyoandikwa mbinguni. Uliza shirika lina mpango gani wa kuwapokea wanaorudi. Kama jibu ni kikao cha siku moja na cheti, panga mwenyewe na mchungaji wako: miezi 3 bila kusimamishwa madhabahuni kutoa ushuhuda kila Jumapili, na mtu mmoja mwenye muda wa kusikiliza hadithi yote mpaka mwisho.

Nani aende wapi

Kama una miaka ya ujana, hujawahi kuishi na watu usiowachagua, ibada yako ya binafsi inategemea hali ya moyo, na hujui kama una wito wa muda mrefu, nenda na timu. Chagua timu ndogo yenye kiongozi aliyekomaa kuliko kundi, na chagua nchi chache. Tatu kwa miezi 9 ni bora kuliko tisa. Usiende ukitafuta wito wa kuzunguka. Nenda ukatafute kujijua.

Kama una donda bichi, iwe ni uchumba uliovunjika, msiba, au ugomvi na wazazi, usiende kwanza kwenye safari yoyote ya mwaka mzima. Najua wengi hupata faraja safarini. Lakini anayekimbia hukimbia na moyo wake, na ugenini hauna mtu anayekujua vya kutosha kuona kwamba hauko sawa. Hapo shule ya miezi 5 au 6 inafaa kuliko zote mbili, kwa sababu ina darasa, ina walezi, na muda wake ni mfupi kiasi cha kurudi nyumbani kabla jambo halijaoza.

Kama umeshajua kuomba bila kuamshwa, umeshakosana na ndugu mkapatana, na ukimtazama mtu mmoja aliyefanya kazi mahali pamoja miaka mingi moyo wako unatamani hiyo zaidi kuliko ramani yenye mistari, basi kaa. Kaa muda mrefu kuliko unavyoona inatosha.

Yule dada ana miaka 29. Ameongoza shule ya Jumapili miaka 6, na ninamfahamu, hahitaji kuamshwa. Nadhani barua ya pili ndiyo yake, na safari hii nimemwambia hivyo bila kuharakisha. Lakini kabla hajaijibu nimemwomba amwandikie mchungaji wa kule barua fupi, isiyo ya viza wala malazi. Amuulize kitu kimoja tu: katika ushirika wenu, ni nani atakayekuwa na ruhusa ya kunikemea?